Anayegawa Huchukua Mwisho

Mjukuu wangu Riziki,

Marahaba. Najua hukuniamkia, lakini mimi nimeshaitikia, maana nikingoja shikamoo yako nitazikwa haijafika. Usiulize nani kaniandikia. Nimeandika mwenyewe, kwa mkono huu uliojifunza herufi darasa la watu wazima, nikiwa nimeshamwoza mama yako. Mwandiko ukikushinda, rudia.

Huko darasani niligombana na mwalimu juu ya kugawanya. Aliandika ubaoni kumi na mbili kwa tatu, tukasema nne, akafurahi. Nikamuuliza, "Kumi na mbili nini?"

"Chochote, mama. Samaki, maembe."

Nikamwambia samaki hawalingani, na katika hao watatu huenda mmoja ana mimba. Darasa zima likacheka. Mwalimu akasema, "Mama, hii ni hesabu, si jikoni kwako." Nilirudi nyumbani najiona nimemshinda. Nilikuwa najua kugawa, mimi. Nyumba nzima ilipakuliwa kwa mkono wangu na hakuna aliyelala akinung'unika.

Wewe na dada yako Tatu niliwapa sheria moja tu: anayegawa huchukua mwisho. Unaukumbuka ule mkate wa kumimina wa Idi? Ulikuwa na miaka mitano. Ulishika kisu ukakata kipande kimoja kama tofali na kingine kama ukucha, kisha ukanyoosha mkono kwenye tofali. Nikakupiga kofi la mkononi. Ukasema, "Lakini bibi, mimi ndiye niliyechoka kukata." Tatu akakuachia. Mama yako, Allah amrehemu, alicheka mpaka akakaa chini. Alikuwa hajaanza kuumwa.

Mwaka haukuisha tukamzika. Siku ya tatu ya matanga, tulipokwisha kugawa nguo zake, wakwe zetu waliotoka Amani, huko milimani kwenye baridi, wakauliza, "Na watoto je?" Baba yenu kainama, anatazama miguu yake. Mama yake akasema damu ni yao. Mimi nikasema tumbo ni letu. Shehe akaanza kueleza kwamba watoto wadogo wakifiwa na mama, bibi mzaa mama ndiye wa kwanza kuwalea. Nikamkatiza. Moa nzima ilikuwa imekaa pale mkekani inanitazama, nami sikutaka kuitwa mchoyo. Nikasema, "Watoto wawili, nyumba mbili. Mmoja huku, mmoja kule." Watu wakanisifu, wakasema huyu mama ana haki. Hesabu ilitoka bila baki, nikavimba. Ningenyamaza tu, mngebaki wote.

Kisha nikasema uende wewe. Mbele za watu nilidai wewe bado mdogo, utazoea upesi. Uongo. Tatu alikuwa na miaka tisa, anateka maji, anakoka moto, ananikunia nazi. Wewe ulikuwa bado unakojoa kitandani. Niligawa mimi, nikachukua wa kwanza mimi.

Sasa Tatu anasomea uuguzi Tanga mjini. Siku moja akanieleza kwamba mwili una vitu vidogo visivyoonekana kwa macho, kimoja hugawanyika vikawa viwili, na kila kimoja ni kizima. Nikamwambia hiyo si kugawanyika, hiyo ni kuzaa. Mimi niliwagawa nikapata nusu mbili. Akija likizo hulala ukingoni mwa kitanda, upande wa ukutani kauacha. Upande wako. Mtu mzima, na mara mbili kaanguka chini.

Mwezi uliopita alikuja huko kumzika bibi yako mzaa baba. Amerudi hana raha. Kasema ulimwita "mgeni wetu wa Moa", ukamtolea kiti cha wageni na soda, ukaenda kukaa na wenzako. Soda, Riziki? Dada yako? Alipokufuata, ukamwambia, "Siku ile hata kuniaga hukutoka."

Basi sikiliza, na usinikatize kama ulivyozoea. Asubuhi ya safari yako Tatu alinifuata uani, kakumbatia kifurushi cha nguo zake. "Bibi, nipeleke mimi. Riziki anaogopa baridi." Nikamchapa kibao, nikamfungia chumbani, nikamwambia nikisikia sauti yake, hatakuona tena. Wewe unapandishwa garini unamwita, yeye yuko nyuma ya mlango kajiziba mdomo kwa mikono miwili. Mimi ndiye niliyekuambia, "Dada yako kalala, hataki kuamka." Miaka yote hii hakukwambia, ananisitiri. Na mimi nikakubali kusitiriwa na mtoto.

Sikubembelezi uje. Ukija, njia unaijua. Usipokuja, sina wa kumlalamikia. Hilo ni langu na wewe. Lakini hasira ulizonazo usizigawe. Tatu usimpe hata chembe, hana fungu humo. Ni zangu zote, zilete kwangu, bado nina kifua cha kuzipokea. Ukimaliza kusoma barua hii, mpigie dada yako simu, wala usinitaje.

Mimi niliyefunga mlango,
Bibi yako mzaa mama, Moa