Kiti Kilichogeuzwa Ukutani

Buswelu,
Mwanza.
14 Juni 2025

Mpendwa kaka Luhende,

Shikamoo kaka. Goti linasemaje? Gidion alipopita hapa akitokea huko kwenu Mpanda, alisema siku hizi unatembelea fimbo, ila ukiona ng'ombe wanaingia shamba la mtu, fimbo unaisahau. Nilicheka, nikashukuru Mungu. Wifi Roza naye, presha imetulia? Sisi huku wazima. Mgongo wangu ni ule ule, nimeshauzoea.

Naandika kwa sababu simu na masikio yako havipatani, na jambo lenyewe si la kupigiana kelele mpaka majirani wasikie. Soma ukiwa umekaa.

Precious na mumewe Ngosha wamepanga nyumba ya tatu kutoka kwangu. Ngosha ni kibarua kwenye kiwanda kimoja cha minofu ya sangara, huu mwaka wa sita. Mwezi huu mikataba ya vibarua inaisha, ila imetokea nafasi moja ya kudumu, ya kusimamia usafi. Usaili ni wa Kiingereza, maana wanunuzi wanaokuja kukagua ni wageni. Akiikosa, anarudi Magu kulima mpunga wa baba yake, na Precious hawezi kuacha kazi yake ya zahanati. Nyumba itagawanyika, na mjukuu wetu Janet ana miaka minne tu. Basi Precious akanifuata. Akasema, mama, umefundisha Kiingereza miaka thelathini na mbili, watoto wa watu wamefika mbali, sasa mume wangu atafundishwa na nani?

Mila ya nyumbani unaijua kuliko mimi: mkwe na mama mkwe hawatazamani, hawali pamoja, hawakai chumba kimoja. Miaka saba nimemjua Ngosha kwa kikohozi na kwa mgongo.

Tukatafuta njia. Mimi nikakaa sebuleni nyuma ya pazia, yeye akakaa nje kwenye stuli, amelipa dirisha mgongo. Janet alikuwa anapeleka na kurudisha daftari, na kila safari anadai karanga. Wiki tano tukaenda hivyo, kila jioni akitoka kazini.

Nilianza na vitenzi visaidizi, can, could, may, might, must na should, kwa kuwa msimamizi hana maneno mengine. Yeye kazi yake ni kusema nani anaweza, nani anaruhusiwa, nini ni lazima, nini kinafaa. Siku ya kwanza akaniandikia kwamba mwenzake cans cut fish. Nikapaza sauti dirishani, "Ngosha! Can haina s, hata anayesemwa awe mkurugenzi!" Kesho yake akaja na must to wash. Nikamwambia kitenzi kinachofuata kinakaa uchi, hakivai to, hakivai s, hakivai chochote. Nikasikia huko nje anacheka kwa kujiziba mdomo. Na mimi nilikuwa nimeuma kanga. Kumbe mtu anaweza kuwa mcheshi na usijue, kwa sababu unamkimbia.

Palipomtesa ni makatazo. Nilimtaka awakataze wafanyakazi kutema mate, akaandika You don't have to spit on the floor. Nikamweleza kwamba hapo umewaambia si lazima wateme, ila mwenye hamu yake ateme tu. Ukitaka kukataza, sema You must not. Alilirudia hilo mpaka Janet naye akaanza kumwambia kuku wangu must not, must not.

Kuomba kwa adabu alikupata upesi. Sisi tunasema "naomba" na adabu imo humo humo, wao wanaiweka kwenye could: Could you close the door? Na might haikumpa shida hata kidogo. Mtu aliyesubiri gari la samaki kutoka Musoma miaka sita anajua huenda ni nini.

Kaka, nilijivuna. Nilimwambia Precious kwamba mumeo anaweza kukaa mbele ya yeyote.

Usaili ulikuwa Jumatano. Precious alimsindikiza, akasubiri mlangoni, akarudi saa nane, analia tangu getini. "Mama, kiti! Aligeuza kiti!" Nikamwambia tulia, kiti gani? Kumbe walikuwa wasaili watatu, na aliyeuliza maswali ni mama mwenye mvi, rika langu, na miwani kama yangu. Alipouliza swali la kwanza tu, Ngosha akainuka, akageuza kiti kikaelekea ukuta, akakaa, akajibu. Maswali yote kumi aliyajibu akiwa amewapa mgongo, na Precious anasema hakukosea hata moja. Wenyewe walidhani anawadharau. Mwishowe wakamwambia Kiingereza anacho, lakini hawawezi kumpa watu mia mbili mtu asiyetazama watu. Arudi Jumatatu, wamwone tena.

Nilikaa chini. Kosa halikuwa lake. Mimi ndiye niliyemfundisha kwamba Kiingereza kinasemwa na mgongo. Niliona aibu, kaka, aibu ya mwalimu, na hiyo ni mbaya kuliko mgongo kuuma.

Sasa nafika kwenye sababu ya barua. Wewe ndiye uliyesimamia mahari ya Precious, na tangu Alexander wangu afariki wewe ndiye mwenye neno. Kwa mila yetu, ukitaka kuondoa mwiko huu lazima kaka aridhie kwanza, kisha mkwe alete mbuzi, ndipo wasalimiane. Nakuomba ruhusa hiyo.

Lakini sitakudanganya. Barua hii inaondoka na basi la kesho, itakufikia Jumatatu jioni, na usaili utakuwa umepita. Jana jioni nilitoka nje. Nilimwita jirani yangu Modesta awe shahidi, nikaweka stuli mbili uwanjani zikitazamana, nikakaa. Ngosha alipokuja na kuniona, akageuka kukimbia, kama ilivyo adabu. Nikamwambia, "Ngosha, kaa. Nitazame."

Alichukua muda mrefu, jasho linamtoka. Halafu akainua macho, akasema, "Shikamoo mama." Kaka, ana kovu juu ya jicho la kushoto, na meno yake ya mbele yameachana kama ya Janet. Siku zote najiuliza mtoto yule meno yale kayatoa wapi. Nilishindwa kuitikia, Modesta akaniitikia marahaba.

Kisha tukasoma mpaka giza likaingia, uso kwa uso. Kama nimekosa, nitoze mimi, usimtoze yeye.

Nisalimie wifi Roza, Getruda na watoto wake wote, na mwambie Gidion sufuria yangu bado naisubiri. Mungu akuongezee siku, na hilo goti alitazame.

Mimi dada yako nikupendaye, mkaidi kama ulivyonizoea,
Teodora

N.B. Wakati nafunga bahasha nimesikia mbuzi analia nyuma ya nyumba. Ngosha amemleta mwenyewe, hakuna aliyemwambia. Tumemfunga kwenye mpapai. Hatutamgusa mpaka tupate jibu lako.