Vitone Vitatu Kwenye Injini

Kisumu
Jumapili, 6 Machi 1994

Kwa Baba mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie wewe, Mama na dada Beldina. Mimi ni mzima, ila mikono inanuka dizeli hata kanisani. Mgongo wa Mama unaendeleaje, na mvua imeshafika huko Pap Onditi?

Kazi yangu kwa Mzee Shitanda imenoga. Akinunua trekta kuukuu, mimi ndiye wa kumwambia ni ya mwaka gani, nini ilitoka nacho kiwandani na nini kiliongezwa na mafundi wetu. Nasoma namba, mihuri ya vyuma, hata tabaka za rangi. Wiki hii imeletwa moja nyekundu kutoka Port Victoria, ya miaka ya sitini. Ekzosi imegeuzwa ikatazama chini, na pale pa namba ya injini ni laini kama kiganja. Lakini pembeni nimeona vitone vitatu vimegongwa, vimekaa kama mafiga. Baba, si ndiyo alama yako? Iko kwenye bawaba ya lango letu na kwenye kila jembe la Mama. Nilicheka peke yangu, kisha nikamwambia Mzee Shitanda kwa majivuno kwamba hii imepita mikononi mwa baba yangu.

Ulitengeneza nini pale? Niandikie, niweke jina lako kwenye kadi itakayosimama mbele yake siku ya maonyesho ya kilimo.

Mwanao,
Walter


Pap Onditi
22 Machi 1994

Mwanangu Walter,

Barua yako imefika. Sisi hatujambo. Mgongo wa Mama unamsumbua asubuhi tu, na mvua imekuja na matope yake. Yule kuku mwekundu aliangua saba, mwewe amechukua wawili.

Kuhusu trekta, vyuma vikizeeka hufanana. Vitone vitatu fundi yeyote anaweza kugonga. Kutu nayo hula namba, wewe mwenyewe unajua. Usiandike jina langu popote. Jina la mtu mzima si la kuanikwa kama omena.

Mama anauliza kama unakula vizuri.

Baba yako,
Dishon


Kisumu
9 Aprili 1994

Kwa Baba,

Nimefurahi kusikia Mama ana nafuu. Huyo mwewe atafutiwe manati.

Baba, kutu hula kwa kuchimba, haisawazishi. Pale pamepitishwa tupa, na aliyeishika hakuwa na haraka. Halafu juzi nilikwangua tope kwenye klachi. Pedali imeongezwa kipande cha jembe, kimekazwa kwa boliti mbili, ili mguu mfupi ufike. Mguu huo naujua. Ni wa Wanyonyi, dereva wa chama cha wakulima, aliyekuwa akinipandisha juu ya madigadi nikitoka shule. Hii ndiyo trekta ya chama iliyopotea mwaka wa themanini na tatu. Wanyonyi alisemwa ameiuza, akapigwa sokoni, akafukuzwa yeye na mkewe Metrine na watoto wao. Nami nilimwita mwizi pamoja na watoto wenzangu.

Mzee Shitanda anataka nitie sahihi karatasi kwamba namba ililiwa na kutu, ili trekta iandikishwe kwa jina lake. Yeye hajui lolote, ananiamini tu. Mwisho ni Ijumaa, 13 Mei. Baba, unajua nini?

Mwanao,
Walter


Kisumu
30 Aprili 1994

Baba,

Natumaini mko wazima. Nimekwenda posta mara nne. Beldina ameniandikia kwamba barua yangu uliisoma, ukaiweka ndani ya Biblia, na tangu hapo hujafungua karakana. Kama ni hasira, niambie ni hasira. Siku zinaisha, na sahihi ni yangu.

Bado mwanao,
Walter


Pap Onditi
8 Mei 1994

Mwanangu,

Salamu nakupa, ila sina uso wa kuuliza hali yako. Si hasira. Ni aibu.

Alama ni yangu. Aliyeiuza trekta ni mwenyekiti wa chama, ambaye sasa ni marehemu. Aliileta karakana mchana kweupe, watu wakadhani ni matengenezo. Alinitaka nifute namba na nigeuze ekzosi isitambulike. Malipo yangu yalikuwa mashine ya kuchomelea na mitungi yake ya gesi, kitu nilichokitamani tangu ujana.

Nilipomaliza kupiga tupa, mkono ukafuata mazoea. Kazi yoyote nikiimaliza hugonga vitone vyangu. Niligonga kabla ya kufikiri. Ile pedali nilimtengenezea Wanyonyi mimi mwenyewe, na siku hiyo nilipaswa kuing'oa. Nilishindwa kuigusa.

Alipopigwa sokoni nilikuwa mlangoni pa karakana, hatua kumi kutoka pale, nyundo mkononi. Alinitazama akasema, "Fundi, waambie. Wewe unanijua." Nilirudi ndani nikaanza kugonga bati ili nisimsikie.

Mashine hiyo ndiyo iliyokusomesha. Usitie sahihi.

Baba yako, kama bado unaniita hivyo,
Dishon


Kisumu
16 Mei 1994

Baba,

Salamu kwa Mama. Sikutia sahihi. Mzee Shitanda nilimweleza yote, hata kwamba ni wewe. Akaenda mwenyewe polisi kuripoti trekta. Kazi bado ninayo, lakini wenzangu wakinong'ona nadhani ni mimi ninayesemwa.

Naona aibu kwa ajili yako na kwa ajili yangu, maana hiyo mashine nimeila miaka kumi na moja. Bado nakuita Baba. Lakini aliyekosewa si mimi. Dereva mmoja wa lori anasema Wanyonyi yuko hai, anachoma matofali karibu na Kimilili. Nenda kwanza, ndipo uniandikie.

Mwanao,
Walter


Pap Onditi
12 Juni 1994

Mwanangu Walter,

Natumaini u mzima. Sisi tunaendelea. Mama amejua yote. Hasemi nami ila kuniita nile.

Nilikwenda Kimilili. Wanyonyi amezeeka kuliko mimi. Metrine alinipa kiti kabla hajanitambua, na aliponitambua akaleta chai vilevile.

Nilisema yote mbele ya watoto wao. Nilikuwa nimebeba mashine nimwachie. Hakuigusa. Alisema, "Hiyo mashine si yangu, Fundi. Jina yangu ndio ilipotea kwa soko yenu. Nirudishie huko huko." Nikamwuliza kama atanisamehe, akasema hilo tutaliongea tukishatoka sokoni.

Chifu ameita baraza Jumamosi, tarehe 25, pale pale sokoni. Wanyonyi atakuja na Metrine. Polisi wamesema nao watakuja, basi na waje. Nitasema kila kitu, hata habari ya bati niliyokuwa nikigonga.

Nakuomba uje. Mguu wa Wanyonyi umezidi kuwa mbaya, na watu watakuwa wengi. Usije ukasimama nami. Simama upande wake, umshike mkono.

Baba yako,
Dishon