Ngege wa Mama Achieng Siku ya Kufunga

Nyamasaria, Kisumu

Mama mpendwa,

Pokea salamu zangu za heshima. Mgongo unaendeleaje, na mvua imewafikia huko milimani? Mimi na Shangazi tu wazima, na joto la hapa nimeshalizoea.

Uliogopa kwamba mbali na sinagogi letu nitashindwa kufunga Siku ya Upatanisho. Sikushindwa, Mama. Hata maji sikuyagusa. Ila siku yenyewe ilikaribia kutuvunjia ujirani.

Shangazi na jirani yetu Mama Achieng, muuza dagaa wa omena, walikuwa hawasalimiani tangu kuku wetu walipokula omena wake aliowaanika. Jioni ile kabla ya kufunga, Shangazi alimwendea, kwa kuwa Mungu hatusamehe makosa tuliyomkosea jirani mpaka jirani mwenyewe aombwe. Mama Achieng akamtazama sana. "Kwani hospitali wamekuambia nini?" Shangazi akacheka, akamweleza kwamba hafi, ni dini tu, wakashikana mikono.

Kesho yake mchana, tukiwa katika sala, Mama Achieng akaingia na ugali na samaki aina ya ngege wa mchuzi, bado moto. Hapa ukipatana na mtu unakula chake. Ukikataa, ni kama umesema ametia sumu. Shangazi akamwambia leo hatuli.

"Jana unaomba msamaha, leo unaogopa chakula yangu?"

Nikasimama mimi. "Mama, leo hatuli cha mtu yeyote, hata chetu. Jiko halijawashwa tangu jana, njoo uone. Lakini hiki chako ndicho tutakachofungulia nyota zikitoka."

Akaenda jikoni, akagusa majivu yaliyopoa. Kisha akachukua sahani yake akaondoka. Sala zilizobaki Shangazi alizisoma kwa sauti ndogo sana.

Nyota zilipotoka, mlango ukagongwa. Mama Achieng alikuwa amepasha samaki moto na kusonga ugali mwingine. "Nyathina," akaniambia, yaani mwanangu, "hii njaa inauma. Nyinyi mnaweza aje?" Naye alikuwa hajala tangu mchana, akitusubiri, ili sote tule sahani moja na Shangazi asiwe na shaka. Shangazi akanawa, akamega tonge, akalichovya kwenye mchuzi upande wa Mama Achieng.

Msalimie Baba, Nyanya aliyenifundisha sala, na mdogo wangu Yoeli. Mzee anayetuongoza sinagogini mwambie tulisali wawili, tukala watatu.

Binti yako akupendaye,
Dina