Kocha, Ulinikalisha Benchi Bila Kuniambia

Kocha,

Bado nimepigwa na butwaa. Jumatano ulikuwa uwanjani Kyimo unawafokea mabeki. Alhamisi kabla ya chai ya saa nne, nikiwa kiwandani, mwenyekiti wa klabu akanipigia: "Ambokile, Kocha ameanguka kwenye migomba yake. Hatunaye." Nikamwambia aache utani. Mzee wa watu, namwambia aache utani.

Tulikuzika nyumbani kwako Isongole, mvua inanyesha. Walikuja mpaka watu wa Mbeya waliokujua ukiwa kipa, wakisimulia ulivyodaka penalti mbili kidole kikiwa kimevunjika. Mimi nilisimama nyuma kabisa, wala sikulia. Nilikuwa nimekununia, unajua.

Miaka kumi na moja nimekudakia. Halafu wiki tatu hizi, bila neno, unanikalisha benchi na goli unampa Gwamaka, kipa wa juzi tu. Ile Jumatano ulinipitia karibu ukanisalimu, "Ugonile." Nikainama, nikajifanya nafunga kamba za viatu. Kwetu huku salamu hanyimwi hata mtu mnayegombania naye shamba. Wewe uliyenifundisha kazi nilikunyima, na hukusalimu tena.

Kwenye matanga mwenyekiti akanivuta pembeni. Akasema uliwaambia kamati kwamba moyo unakusumbua, na kwamba timu nitaishika mimi. "Alisema kipa hajifunzi ukocha akiwa golini. Akae karibu yangu aone." Kocha, nilikaa palepale kwenye tope na suruali ya msibani. Kumbe lile benchi lilikuwa darasa, nami wiki tatu nzima nilikupa mgongo, nachezea simu. Sijui ulikuwa unanionyesha nini. Na nina hasira na wewe, niseme ukweli. Neno moja tu lingetosha. Lakini wewe na ukipa wako, ulidhani kila mpira ni wa kudaka peke yako.

Jumamosi tulicheza Kiwira, nimesimama kando ya uwanja pale ulipokuwa unasimama, Gwamaka golini. Ikaja krosi, mazoea yakanishika, nikapaza sauti: "Leka!" Lile neno ulilonifundisha la kumwambia beki auache, mpira ni wangu. Beki akauacha kama alivyozoea. Gwamaka naye akauacha, si amesikia sauti ya mkubwa wake? Mpira ukaingia polepole, hakuna aliyeugusa. Uwanja mzima ukacheka. Nikacheka na mimi, halafu nikaanza kulia mbele za watu, na sikuweza kunyamaza mpaka mapumziko.

Mama, mkeo, anajitahidi. Jana alikula ndizi kidogo, akaulizia matokeo. Sikumwambia lile goli lilivyoingia.

Kamati nimewajibu ndiyo. Naogopa, lakini nimewajibu.

Pumzika, Kocha. Nisamehe kwa ile Jumatano. Jumapili hii namweka benchi nahodha wetu, maana goti lake ni bovu na anaficha. Ataninunia, namjua. Ila kesho nakwenda kwake kabla hajaona jina lake halipo. Nitakaa naye nimweleze sababu kwa mdomo wangu mwenyewe, tukiwa hai wote wawili.

Ni mimi kipa wako,
Ambokile