Taa Nyekundu ya Mama

Jumatatu, 3 Machi
Nimepata kazi ya kuendesha ambulensi! Karibu nipate. Kilichobaki ni rekodi safi ya udereva kutoka kwa trafiki, na hiyo ninayo – miaka yote nimesambaza mikate, sijakwaruza hata kioo. Mume wangu ameshaanza kuniita King'ora.

Jumanne, 4 Machi
Sina rekodi safi. Nina hati ya kukamatwa.
Askari wa dirishani kituoni kwa trafiki aliniambia kwa upole, kama daktari mwenye majibu mabaya. Gari letu, lililoandikishwa kwa jina langu, lilipita taa nyekundu miaka minne iliyopita, kamera ikalipiga picha. Nikaitwa mahakamani, sikutokea. Wito ulipelekwa nyumba ya zamani, sisi tulishahama. Nikamwuliza, mambo ya miaka minne, hayajafutika tu? Akasema kosa lenyewe hukaa miaka mitatu, lingeshasahaulika. Hati ndiyo haizeeki. Itanisubiri mpaka nisimame mbele ya hakimu. Yeye hatanishika, alisema, ila nijipeleke mahakamani Ijumaa; kabla ya hapo trafiki mwingine yeyote anaweza kunibeba nikiwa njiani.
Nimerudi kwa miguu. Gari nimeliacha pale pale kituoni kwao.

Jumatano, 5 Machi
Leo ndiyo nimeitazama vizuri tarehe ya kosa. Ni siku aliyozaliwa binti yangu.
Sikuwa naendesha. Nilikuwa kiti cha nyuma, nang'ata mkanda wa gari. Mume wangu alikuwa safarini. Aliyeshika usukani ni Mama – ambaye hajawahi kuwa na leseni, na gia alijifunzia kwenye trekta la marehemu Baba. Honi njia nzima.

Alhamisi, 6 Machi
Nimeamua kusema dereva nilikuwa mimi. Hati ifutwe, yaishe. Mama asiguswe.
Mama amesikia, amekuja mbio. Hakuketi hata.
"Nani kakuomba unibebee mzigo? Ile taa niliiona. Hata leo ningepita."
"Watakuandikia kosa, Mama."
"Waandike wapi? Leseni yenyewe sina."
Mume wangu alicheka mpaka akatoka nje. Mimi sikucheka. Kuendesha bila leseni ni kosa kubwa kuliko taa. Nimemwapisha akae kimya.

Ijumaa, 7 Machi
Mahakamani. Naandika hapa kwenye benchi la koridoni.
Mama alikuja na gauni lake la harusi za watu, mkoba mapajani, kimya kama alivyoahidi. Hakimu akauliza nani alikuwa anaendesha siku ile. Nikafungua mdomo. Nyuma yangu benchi likalia – Mama amesimama.
"Ni mimi, mheshimiwa. Huyu alikuwa anajifungua."
Hakimu akashusha miwani. Akaomba leseni.
"Sina. Lakini nilipakia mtu mmoja, nikafikisha wawili."
Ukumbi mzima ukacheka, hata askari wa mlangoni. Hakimu hakucheka. Akafunga faili, akaingia chumbani kwake.
Sasa hivi karani amekuja kumwita Mama. Peke yake. Nimesimama nami, karani akanyoosha mkono: wewe subiri. Mama amenipa mkoba nimshikie, amejinyoosha gauni, amekwenda. Mlango umefungwa –