Chuma Ndani ya Kichwa cha Masika

Butembo, Jumanne

Uongo wangu karibu uue mutoto wangu, Masika.

Dokta alieleza leo: mashine ya Kampala ni sumaku kubwa, inapiga picha ya ubongo, ingeonyesha kifafa cha Masika kinatoka wapi. Lakini kama kuko chuma kichwani, inakivuta, na kinaweza kumuua.

"Mama Masika, fishi yake ya hospitali inasema alianguka kwenye muti. Kweli?"

Ni mimi niliandikisha vile. Huku kidonda cha bomu kinaleta maaskari kitandani kuuliza kama baba ni Mai-Mai, wale wapiganaji wa musituni.

Mume wangu akanikanyaga muguu ili ninyamaze. Nikasema: "Hapana muti, dokta. Kipande cha bomu, kule Beni. Kingali ndani."

"Basi hapana kwenda Kampala," dokta akasema.

Masika amelala. Ninapapasa nywele zake, lakini kidole hakithubutu kupita kwenye kovu.