Samaki Ndani ya Koti

Anderlecht, 8 Novemba 2009

Papa mpendwa,

Nakusalimu sana. Kifua kinaendeleaje? Na yale masikio yaliyoharibiwa na mashine za umeme za barrage? Kama yangesikia simu, nisingemsumbua Maman Pétronille kubeba barua katikati ya viatu anavyokuja kununua huku na kuuza huko. Mimi ni mzima, isipokuwa kutulia kunanishinda.

Dossier yangu ya kuomba karatasi za kuishi huku imeingia. Avocate, wakili wangu, amesema mpaka jibu lije nisifanye kosa lolote, hata la kuvuka barabara vibaya. Miaka minane huku Ulaya bila karatasi ya kudumu, halafu mtu anakuambia utulie! Nazunguka chumbani mpaka jirani wa chini anagonga dari kwa fagio. Yule wa juu, Onésime, mtu wa Bukavu, alinihurumia. Kila Jumapili ananipeleka kuvua kwenye barrage moja, mto uliozibwa kwa ukuta, mbali kidogo na mji. Tunamtafuta black-bass, samaki mwenye mdomo unaoshinda ule wa makobo wa ziwa letu. Na usicheke: sheria ya pale ni kumrudisha majini akiwa hai. Wanamvua, wanampiga picha, karibu wamuombe radhi, wanamwachilia. Mimi Jumapili tatu sijapata hata wa kurudisha. Baridi imeanza. Samaki wamekwenda wapi?

Mwana wako,
Kalenga

Kapolowe, 24 Novemba 2009

Mutoto wangu,

Tumshukuru Mungu, barua imefika, inanuka viatu vipya. Kifua kinakohoa lakini hakijanishinda.

Nimecheka sana. Mtu mzima kusafiri Jumapili nzima kwenda kubusu samaki! Bon, sikiliza. Ziwa la barrage lina mto ndani yake. Kabla ukuta haujajengwa maji yalikuwa na njia yake, na ile njia bado iko chini. Baridi ikiingia, samaki anashuka kwenye mto wake wa zamani, anakaa kwenye mawe, hataki kukimbizana na mtu. Waulize wazee wa pale mto ulipita wapi. Acha chambo kifike chini kabisa, kivute kidogo, hesabu mpaka ishirini, kivute tena. Hatapiga kwa nguvu. Utasikia uzito kidogo tu, kama jani limenasa.

Na avocate msikilize kuliko unavyonisikiliza mimi. Haraka haraka haina baraka, nilikuambia tangu ukiwa mdogo na bado unakimbia.

Papa yako

Anderlecht, 15 Desemba 2009

Papa,

Salamu nyingi. Ukiniuliza kama mimi ni mzima, sijui.

Nilimpata. Mzee mmoja alinionyesha nguzo za daraja la zamani, nikafanya ulivyosema. Vidole vilikuwa vimekufa kwa baridi, nikasikia lile jani. Papa, kilo mbili na kitu! Mgongo wa kijani, mdomo ungemeza ngumi yangu. Onésime akapiga kelele: "Mu-rudishe mu mayi mbio, garde iko anakuya!" Mimi nikamsukuma samaki ndani ya koti, nikafunga zipu. Garde, mlinzi wa maji, akafika, na koti linaruka-ruka lenyewe. Akasema "Bonjour, monsieur" kwa upole kabisa, akamtoa samaki, akamwachilia, kisha akaomba kitambulisho. Cha kuonyesha sikuwa nacho. Akaita polisi, wakaandika kila kitu.

Ni sheria yako, Papa. Samaki wa kwanza wa maji mageni harudishwi. Ukimrudisha, bahati ya nyumba inakwenda naye. Ulinifundisha hivyo, ukasema ni ya mababu. Ningefanyaje? Avocate amenifokea mpaka Kifaransa kikamwishia. Sasa nikisikia viatu kwenye ngazi, nasimama nyuma ya mlango na sipumui.

Mwana wako,
Kalenga

Kapolowe, 10 Januari 2010

Mutoto wangu Kalenga,

Naomba barua hii ikukute mzima. Yako nimeisoma mara nne, na lazima nikuambie jambo la aibu.

Ile sheria si ya mababu. Niliitunga mimi. Ulikuwa na miaka sita, tulikuwa siku mbili bila kula, nikavua makobo mmoja kwenye maji tusiyoyazoea. Ukamlilia, ukataka nimrudishe majini. Ningesema nini? Nikawasingizia wafu. Baadaye niliona inapendeza, nikairudia kila mwaka mpaka mwenyewe nikakaribia kuiamini. Leo uongo wangu umekufuata mpaka Ulaya.

Ndani ya bahasha kuna barua kwa hakimu. Nimeandika kwamba kosa ni la baba, na chef wa quartier, mkuu wa mtaa wetu, ametia muhuri. Kama wanataka kumfunga mtu, mimi niko, sina kazi nyingine. Unisamehe.

Papa yako

Kapolowe, 3 Machi 2010

Kalenga,

Uko mzima? Maman Pétronille anasema chumba chako kina watu wengine, na barua yangu aliiacha kwa Onésime. Tangu hapo kimya. Sasa ni mimi ninayezunguka. Nakwenda majini, narudi kabla ya kutupa wavu. Andika hata mstari mmoja. Hata matusi, andika.

Papa yako

Kituo cha kufungia wageni, karibu na uwanja wa ndege, 28 Machi 2010

Papa mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima yote, nikikuombea kifua chako. Mimi nakula, nalala.

Polisi walikuja mwezi wa kwanza, asubuhi, wakanileta hapa. Onésime aliniletea barua yako. Hakimu aliisoma yote mpaka muhuri wa chef, kisha akakataa. Dossier imefungwa. Jumanne wananipandisha ndege ya Kinshasa.

Sasa na mimi niseme. Nilijua. Mama aliniambia kwamba ile sheria uliitunga, mwaka mmoja kabla hajafa. Alicheka mpaka machozi, akaniapisha nisikuaibishe. Kwa hiyo siku ile sikuwa namtii mtu yeyote. Nilikuandikia vile kwa sababu niliogopa, na mtu akiogopa anatafuta wa kumtupia mzigo. Nimeona haya sana kusoma ukiniomba msamaha.

Ukweli ni huu. Miaka minane, kila nilichoshika huku niliambiwa nirudishe: ufunguo wa chumba, koti la kazi, karatasi ya muda. Yule samaki alikuwa mzito, na nilimvua mwenyewe. Nilitaka hata mara moja niingie nyumbani na kitu mkononi.

Nitatafuta njia mpaka Lubumbashi. Ukija kunipokea, majirani wakikuuliza ninaleta nini, tafadhali, Papa, usitunge kitu. Sema tu mutoto wako anakuja.

Mwana wako,
Kalenga